Koroboi ya Ndege

Foleni ya mafuta ya taa ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika, ikazunguka mpaka nyuma ya soko la Bariadi, na Rehana alisimama humo tangu asubuhi ili ndege wake wasilale gizani.

Mwanne, mke mkubwa, alimwona akirudi ameikumbatia chupa kama mtoto mchanga.

"Sisi tunakula kwa mwanga wa kuni," alisema, "ndege wanawashiwa koroboi. Kesho watataka na chandarua."

"Wanashtuka, dada," Rehana akajibu. "Panya akipita, popo akigonga bati, wanarukaruka mle ndani mpaka wanajivunja mbawa. Wakiona mwanga kidogo wanatulia."

Walikuwa wawili, wa kijivu, wenye kishungi kichwani na mashavu mekundu kama yaliyopakwa rangi. Mzungu wa mitambo ya pamba, aliyewaita kokateli, alimwachia Rehana ndege hao aliporudi kwao, maana Rehana ndiye aliyekuwa akimfulia nguo. Wanawake wengine huolewa wakaja na vyungu na mikeka. Huyu alikuja na tundu.

Na kilichomkera Mwanne ni hiki: wiki za mwanzo ndege hao walilala gizani kimya, panya wakicheza ngoma juu ya kuta. Kisha mume wao, Jumbe, dereva wa lori la pamba, akarudi safari moja, akanong'onezana na mke mdogo jikoni, na tangu hapo ndege wakapandishwa cheo. Koroboi ikawekwa kwenye korido, katikati ya vyumba viwili vya wake. Mwanne akaombwa awe anaacha mlango wake wazi, eti hewa ipite, moshi usiwadhuru ndege. Hata mlango wake haukuwa wake tena.

Siku moja Rehana alitoa vijiti viwili ndani ya tundu, ndege wasije wakajigonga. Siku hiyohiyo akalisogeza sanduku la bati la Mwanne kutoka ubavuni mwa kitanda mpaka pembeni kabisa.

"Lina kona kali, dada."

Humo mlikuwa na kanga alizowahi kuziokoa nyumba yao ya Nkoma ilipoungua, mwaka ule wa kuhamia vijijini. Vingine vyote vilibaki majivu. Sasa hata hilo sanduku mtoto huyu alikuwa amelitia jicho.

Asubuhi moja Rehana alitoka chumbani na mkwaruzo shavuni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Ndege?" Mwanne akauliza.

"Ndege, dada."

Mwanne alikuwa akinywa maji, kata juu ya kata, koo limemkauka kama mtu aliyeshinda kwenye vumbi la pamba. Kwa mara ya kwanza aliwashukuru wale ndege moyoni.

Bombani alimkuta jirani yake, Nyanjige.

"Mwangaluka, mama. Usiku kwenu kulikuwa na nini? Mpaka mzee wangu alishika rungu."

"Ndege wa bibi harusi."

Nyanjige alimtazama, kisha akainama kuchukua ndoo yake. "Ndege," akasema. "Haya."

Jumbe aliporudi, Mwanne alikuwa jikoni na mwiko mkononi, ugali unakaribia kuiva. Alisikia lori likizimwa, akajifuta uso kwa kanga, akangoja kuitwa. Hakuitwa. Jumbe aliingia moja kwa moja kwenye korido, akasimama karibu na tundu.

"Usiku umekwendaje?" alimuuliza Rehana kwa sauti ya chini.

"Afadhali. Mwanga umesaidia."

Jumbe akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kisha akampa dumu dogo la mafuta ya taa, alilolipata huko njiani kwa kubembeleza watu.

Mwanne aligeuza ugali mpaka mkono ukauma. Miaka yote ya ndoa yao hakukumbuka kuulizwa habari ya usiku kwa sauti kama ile. Na aliyekuwa akiulizwa habari zake ni ndege.

Lori lilipoondoka tena, Rehana akaenda foleni ya sukari. Mwanne akalitungua tundu, akalipeleka stendi kwa Mtoro, mchuuzi wa samaki, aliyekuwa akipakia vikapu vyake kwenye gari la Nyashimo.

"Wachukue."

"Unauzaje, Bi Mwanne?"

"Siuzi. Nenda nao tu, mbali."

Rehana aliporudi, akaona msumari mtupu ukutani. Akakaa chini palepale, akajiziba mdomo kwa kanga, akalia. Mwanne alikuwa amejiandaa kwa matusi. Machozi hakuyaandalia neno.

"Utazoea," alisema mwishowe. "Mimi nilizoea kukuona wewe. Na mafuta sasa yatakaa. Mume wetu akija, mwambie ni mimi niliyewatoa."

"Nitamwambia."

Walikula. Jua lilipozama, Rehana aliosha vyombo, akajifuta mikono, akaichukua koroboi. Akaijaza mafuta, akaukata utambi, akaiwasha, akaiweka palepale kwenye korido.

"Unamwashia nani?" Mwanne akauliza. "Ndege hawapo."

Rehana aliusukuma mlango wa Mwanne, akauzuia kwa kigoda, mwanga ukaingia mpaka kitandani.

"Wale walikuwa wanalala mpaka asubuhi, dada," akasema. "Mume wetu ndiye aliyesema tukuambie kelele zako za usiku ni za ndege, usije ukaona haya."