Maji Ambayo Tai Hakuyaona

Mwaka ambao mvua ziligoma, pundamilia wa nyikani walimtuma Tai akachunguze maji yamebaki wapi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na macho kama yake. Tai alizunguka angani siku mbili, kisha akarudi na jibu fupi.

"Nchi hii haina maji. Hameni."

Pundamilia mzee aliyeongoza kundi aliwatazama watoto waliozaliwa juzi. Safari ya kuhama ilikuwa ya siku nne, na alijua wengi wao wangefia njiani.

"Nipeni siku moja nami nichunguze," alisema Mhanga, mnyama mchimba mashimo asiyeona mbali.

"Wewe hata mimi hunioni vizuri," Tai alimwambia. "Utaona nini?"

Mhanga alishuka kwenye mto mkavu, akanusa mchanga hatua kwa hatua, akachimba. Shimo la kwanza lilitoa vumbi, na la pili vilevile. La tatu, pale mto unapopinda, lilimlowesha pua.

Jioni watoto wa pundamilia walikunywa wakashiba. Tai naye alitua pembeni, kiu imemzidi.

"Niliangalia kote," alisema kwa aibu. "Sikuona maji."

"Najua," Mhanga alijibu, akimpisha anywe. "Ungetuambia hukuyaona, tungeendelea kutafuta. Wewe ulituambia hayapo."

Tangu siku hiyo Tai akitumwa kuchunguza jambo, akirudi huanza kwa kutaja mahali ambapo hakufika.