Kidole cha Sita

"Atazaliwa na kidole cha sita, mkono wa kushoto," daktari alisema. "Mashine ya kupima viinitete imemkataa, mama. Na unajua mtoto aliyekataliwa hatibiwi hospitali yoyote ya umma."

Nangila, mwenye miaka arobaini na saba, alijua. Alijua pia kwamba hicho ndicho kiinitete chake cha mwisho kilichohifadhiwa maabara.

"Marehemu mama alikuwa nacho kidole hicho. Akitufinya masikio nacho, tulikiona cha moto!" Akacheka. "Nipandikizie. Ataitwa Nasambu, jina la bibi yake."

"Fikiria tena, mama."

"Nimefikiria tangu ujana, daktari."

Jioni, kiinitete kikiwa tayari tumboni, alianza kufuma glavu ndogo. Alipofikia kidole cha sita, akawasikia watoto wa jirani wakihesabiana vidole uani: kumi, kumi, kumi.

Alivuta pazia, akaendelea kufuma.