Shukrani ya Mama Aikande

Siku ya Mavuno, hakuna nyumba iliyoruhusiwa kula kabla kila aliyeketi mezani hajaishukuru nchi mbele ya kipimo cha ukutani. Neno likitoka moyoni, taa iliwaka kijani. Taa nyekundu mara tatu iliwaita wakaguzi.

Mghoi, Mkenya wa Taita aliyeolewa Rombo, Tanzania, mwaka huo, alikuwa na hofu. Mumewe alikuwa kazini, wamebaki yeye na mama mkwe wake, Mama Aikande.

"Usiogope, mwanangu. Kipimo kinasamehe hata hicho Kiswahili chenu cha kuvunjavunja."

"Na ugali wenu mlaini, mama, kinausamehe?"

Mama Aikande alicheka mpaka akashika mbavu.

Mghoi akasimama. "Naishukuru nchi hii. Nilikuja na begi moja, nikapewa mama."

Kijani.

Mama Aikande akatamka maneno yake ya kila mwaka: asante kwa mvua, amani na mahindi. Nyekundu. Akarudia. Nyekundu tena. Akamgeukia Mghoi.

"Tangu baba wa wanangu afariki, humu ndani hamkuwa na kicheko," alisema. "Huyu amekirudisha. Asante."

Kijani. Kisha kipimo kikatamka: "Shukrani imepokelewa. Nchi iliyoshukuriwa: Kenya."

"Mama, tumewafunga kwenu!" Mghoi alipiga kelele, na wote wawili wakacheka hadi machozi.

Walipoanza kula, Mama Aikande aliinuka, akakifunika kipimo kwa kanga yake. Waliendelea kutaniana, ila kwa sauti ya chini.