Kigae Cheupe

Kiatu cha kulia cha mzee kilikuwa ndani ya ndoo ya unga, na aliyekificha humo alikuwa mkewe mwenyewe.

"Nilivivua hapa hapa," mzee alinung'unika, kichwa chini ya kitanda. "Kimoja kipo, kingine kimepaa?"

"Basi tusiende," mama alisema. "Kijana ataelewa."

Lakini shangazi, dada wa mzee, alikuwa amekwenda jikoni kunywa maji, na kama kawaida yake akafunua ndoo isiyomhusu. Alirudi na kiatu kimejaa unga mpaka kwenye kamba. Hakuuliza kimefikaje huko. Alimtazama tu wifi yake, akatabasamu.

Ilikuwa Siku ya Wazazi chuoni. Kijana wao, waliyemwita Profesa tangu utotoni, alikuwa mwaka wa pili wa biolojia, tena wa kwanza darasani. Aliomba jambo moja: wazazi wote wawili waje maabara awapime kundi la damu mbele ya mhadhiri wake. Lilikuwa zoezi la urithi, na lilikuwa na alama. Likizo iliyopita aliwaeleza mezani, mdomo umejaa chakula: "Damu hairithiwi ovyo. Ina sheria zake, na haijui kumsitiri mtu."

Tangu siku hiyo mama hakuwa na raha. Aliogopa kitu kimoja tu, kumpoteza mwanawe, na hofu hiyo haikuanza juzi. Alikuwa nayo tangu yeye na mumewe waliporudi kutoka mji wa mbali alikokuwa akifanya kazi mzee, mtoto akiwa tayari anaweza kukaa bila kushikwa.

"Mliondoka wawili mkarudi watatu," shangazi hupenda kusema, hasa wageni wakiwepo. "Na mtoto hafanani na kaka yangu hata ukucha. Haya, siri ya mtungi aijuaye kata."

Mama aliyameza maneno hayo miaka yote. Mzee huwa yupo pale pale, akichokonoa meno.

Maabara ilinuka spiriti. Profesa, ndani ya koti jeupe lililomzidi mabega, alikuwa amepanga vigae vidogo vyeupe, sindano, vijiti, na chupa mbili, moja ya dawa ya bluu na nyingine ya njano.

"Damu ikikatika vipande kwenye bluu, wewe ni A," alieleza kwa madaha. "Kwenye njano, B. Ikikatika kote kote, AB. Isipokatika popote, O. Mimi ni O."

"Anza na baba yako," alisema shangazi, ambaye hakualikwa.

"Ana presha," mama alisema. "Asichomwe."

"Presha ya wapi?" Mzee alitoa kidole, kifua mbele. "Choma, baba! Kitanda hakizai haramu."

Matone mawili yakadondoka kwenye kigae. Kijana akakoroga. Mama alishika ukingo wa meza. Damu ilitulia laini kwenye bluu, ikatulia laini kwenye njano.

"O!" Profesa alipiga kelele. "Kama mimi!"

Shangazi alikitazama kigae kwa karibu. Kisha akamvuta kijana akamkumbatia. "Hata masikio haya ni ya kwetu. Sijui nilikuwa naangalia wapi!" Akamgeukia mama, machozi yakimlengalenga. "Wifi, nisamehe. Nilikudhania vibaya."

"Yamekwisha, wifi." Mama alikuwa ameshachukua mkoba wake. "Twendeni basi."

"Bado wewe, mama," Profesa alisema.

Mzee, aliyekuwa akicheka, aliacha kucheka. "Mama apimwe wa nini? Mama wa mtu anajulikana."

"Alama, baba."

Mama alimtazama mumewe. Mumewe akatazama bomba la maji. Basi akakaa kwenye kiti kirefu kisicho na egemeo, akampa mwanawe mkono.

Damu yake ilikatika kama maziwa yaliyochacha, kwenye bluu na kwenye njano.

Mhadhiri, mwanamke wa makamo mwenye miwani, alipita akainamia kigae. "AB? Haiwezekani. Mzazi wa AB hazai mtoto wa O. Umekorogea kijiti kimoja pande zote mbili, ndiyo maana. Rudia."

Profesa akarudia. Kigae kipya, vijiti viwili, chupa mpya alizofungua mhadhiri mwenyewe. Damu ikakatika vile vile, kote kote.

"Nimekosea wapi, mwalimu?" Alikuwa hajawahi kukosa swali la vitendo tangu aingie chuo.

Mhadhiri alizifunga zile chupa. Alimtazama mama. Kisha akamtazama mzee, ambaye alikuwa ameinama akipangusa kiatu ambacho unga ulikwisha kukitoka zamani. Akavua miwani yake.

"Tuseme umekosea," alisema taratibu. "Hutokea hata kwa walio bora. Nitakuwekea sufuri kwenye zoezi hili, tuyaache hapo."

Kijana aliinamisha kichwa. Alikuwa tayari kuipokea sufuri ile, na mama aliliona hilo. Asingehitaji kusema lolote. Angenyamaza tu, kama alivyozoea, wakarudi nyumbani wote wanne wakala chakula cha mchana.

Alifuta damu kidoleni, akamwekea kijana mkono begani.

"Hujakosea, mwanangu."