Mkono wa Kulia

Kofi la kwanza lilimwangusha Zamoyoni kando ya jiko, mchuzi ukamwagika. La pili halikufika. Kibwana, mumewe, alibaki ameinua mkono wa kulia, akiutazama kama si wake.

"Kama sisimizi wanatembea humu ndani," alisema. "Tangu asubuhi. Hebu nikande."

Zamoyoni alifuta damu mdomoni, akamketisha mumewe kitini, akaleta beseni la maji ya moto. Mkono huo aliujua vizuri. Kila ukichoka kumpiga, yeye ndiye aliyeukanda. Leo maji yalimchoma yeye, Kibwana hakushtuka. Zamoyoni akamfinya kwa kucha. Hakuhisi kitu.

"Baba Shani, niite jina langu."

Mdomo wa Kibwana ulipinda upande mmoja, ukatoa mate na sauti isiyo neno. Zamoyoni akakumbuka nesi wa zahanati alivyowafundisha kuhusu kiharusi: ganzi ya ghafla upande mmoja, mdomo ukipinda, ulimi ukiwa mzito, msikande, msingoje, mkimbizeni hospitali.

Kwa muda alikaa tu, mkono ule mzito mapajani mwake. Kisha Kibwana akaporomoka kutoka kitini, kichwa kikagonga sakafu. Zamoyoni alijaribu kumwinua, akashindwa. Akakimbilia dirishani, akapiga yowe.

"Jamani, majirani, njooni mnisaidie!"

Yalikuwa maneno yaleyale aliyoyapaza kwa sauti miaka yote. Ng'ambo ya ukuta, Mzee Hamadi alifanya kama alivyozoea kila yanapoanza mambo ya nyumba ile: aliongeza sauti ya redio.