Dawa ya Siwema

Jaji aliyeamuru kila mgonjwa wa akili atibiwe au aachiwe alifika wodini kujionea mwenyewe. Siwema alisimama na ufagio wake huku nyuma yake muuguzi mkuu akichezesha funguo.

"Mama, miaka tisa uko humu. Unapewa tiba gani?"

Daktari akamwahi. "Kazi za mikono, Mheshimiwa. Nayo ni tiba."

"Nimemuuliza yeye."

Funguo zikanyamaza. Siwema akazitegea sikio. Jaji angeondoka, funguo zingebaki.

Basi akauinua ule ufagio, njiti zimelika hadi kubaki urefu wa kidole, akamkabidhi jaji kwa mikono miwili.

Jaji akaupokea. Nyuma ya Siwema, funguo zikaanza tena kulia.