Miwani ya Joash

Hapo Bondeni, mwaka wa hamsini na tisa, Joash alikuwa msomaji barua mashuhuri, na hakujua kusoma hata jina lake.

Usishtuke. Miwani alikuwa nayo. Alikuwa pia na benchi mbele ya duka la Ephantus fundi cherehani, na sauti nzito ya mtu aliyekosa uaskofu kwa bahati mbaya tu. Ukimpa barua aliikunjua, akakohoa, akasoma: wote hawajambo, mvua imenyesha, ng'ombe amezaa. Katika barua za Joash ng'ombe walizaa mpaka ukashangaa wanapata wapi malisho.

"Habari mbaya haihitaji msomaji," alijiambia akimenya ndizi alizopewa na wateja. "Hufika yenyewe kwa miguu." Na wasiojua kusoma aliwadharau, we! "Watu wa gizani hawa. Bila mimi wangekuwa wapi?"

Mteja aliyempenda zaidi alikuwa Mugure, mama mgeni mjini, aliyekaa kwa kaka yake kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kila Jumamosi alikuja na barua ya mwanawe Hiram, aliyekwenda kufanya kazi Kampala.

"Anasemaje leo, mzee?"

"Amepandishwa cheo, mama. Tena amenenepa."

Mugure alifumba macho akatabasamu. "Soma tena hapo aliponenepa."

Joash akasoma tena, na safari hii Hiram akanenepa zaidi. Barua yenyewe ilikuwa imelegea mikunjo kama kitambaa cha jikoni, na pembeni ilikuwa na doa la chai. Lakini Joash hakuwa mtu wa kuangalia madoa.

Ndipo kanisa likatangaza ngumbaru, masomo ya watu wazima. Joash alicheka kwa sauti, kisha akashindwa kula. Wateja wake wote walikuwa wamejiandikisha! Je, wakizifungua zile barua za zamani walizoweka masandukuni? Mji mzima ungemfukuza kwa mawe.

"Nitakwenda huko," alimwambia Ephantus. "Si kujifunza. Kukagua."

"Kagua, kagua," akasema Ephantus, bila kuinua macho kutoka kwa cherehani.

Siku ya kwanza pasta alimleta mwalimu, mtu aliyefundisha miaka kumi na miwili huko Nyeri. Aliyeingia na chaki mkononi alikuwa Mugure.

Joash alitamani ardhi immeze. Alingoja aumbuliwe mbele ya watu, lakini Mugure alimpita kama hajamwona. Na Jumamosi, kama kawaida, akaja na barua, akauliza Hiram anasemaje. Joash, jasho likimtiririka, akasema hajambo.

Maelezo aliyapata kabla ndizi hazijaisha. Mtu wa aina yake hakosi maelezo. "Macho yake mabovu, masikini. Ya ubaoni ni makubwa, ya barua ni madogo. Anahitaji jicho la mtaalamu."

Darasani, hata hivyo, alinuna. Akiinua mkono, mwalimu alimchagua mwanafunzi mwenzake, Jepkorir. Akipeleka daftari, mwalimu alilirudisha bila kulifungua.

"Wewe usijisumbue, mzee," alimwambia. "Wewe tayari unajua."

"Ananionea wivu," Joash alimweleza Ephantus. "Anaogopa nitamshinda."

Lakini kichwa hakina mlango wa kufunga. Kufikia Agosti herufi zilikuwa zimeingia bila kumwomba ruhusa.

Jumamosi moja aliikunjua ile barua yenye doa la chai, akakohoa, akafungua kinywa. Kwa mara ya kwanza maisha yake yote, maneno yakatoka kwenye karatasi yenyewe, na kinywa kikabaki wazi. Tarehe ilikuwa ya mwaka uliopita. *Tunasikitika kukuarifu kwamba mwanao Hiram alifariki kwa homa, nasi tumekwisha kumzika.*

Aliinua macho. Mugure alikuwa akiitazama midomo yake.

"Tafadhali, mzee," alisema polepole. "Anasemaje?"

Joash alivua miwani, akaitia mfukoni.

"Anasema mke wake amejifungua, mama. Msichana. Wamemwita Mugure."